Keki ya bethidei imebaki nusu: niifanyie nini?

"Shikamoo mwalimu. Niko Ipuli, Tabora. Jumamosi tulimfanyia binti yangu sherehe ya kutimiza miaka 7. Tuliagiza keki ya kilo 4 ya ghorofa mbili: ya chini ni ya vanila, imepakwa aisingi ya siagi, ya juu ni ya chokoleti, imepakwa ile krimu nyeupe ya kupiga na mashine, na maua ya fondanti juu yake. Mvua ilishuka saa tisa, wageni wengi hawakutokea, na nusu ya keki bado ninayo. Friji yangu ni ndogo ila ina friza juu, umeme ndiyo huu wa kuja na kuondoka, oveni sina. Nina jiko la gesi la plati mbili na jiko la mkaa. Watoto wamekula keki na chai mpaka sasa wakiiona wanageuza uso. Mama mkwe anasema nimwagie kuku. Je, naweza kuigeuza iwe chakula kingine bila kununua vitu vya gharama?"

Marahaba mama, na hongera kwa binti.

Kuku wasubiri kwanza. Umeniandikia habari ya keki moja, lakini ulichonacho ni vyakula viwili, na kila kimoja kina saa yake. Nianze na ghorofa ya juu, maana hiyo ndiyo inayoweza kuwalaza watoto na matumbo.

Krimu ya kupiga ni chakula cha friji, iwe imetokana na maziwa au ni ile ya unga inayokorogwa na maziwa ya baridi. Ile ya unga inawachanganya wengi, kwa sababu pakiti yake hukaa dukani miezi bila friji na isiharibike. Kinachoilinda pakiti ni ukavu. Ikishakorogwa imepata maji, na bakteria hawakuwa wanangoja kingine. Kanuni ya vyakula vya namna hii ni saa 2 nje ya friji basi. Joto likipita nyuzi 32, hesabu saa 1. Mvua za Desemba zinapoza Tabora, sikatai, lakini sebule ya bati iliyojaa watoto wanaorukaruka haina ubaridi wa kujivunia. Kwa hiyo kaa chini ukumbuke: keki ilitoka kwenye friji saa ngapi, ikarudi saa ngapi? Ikiwa ghorofa hiyo ya chokoleti ililala mezani usiku wa Jumamosi, itupe, yote, maana krimu ipo hadi katikati ya matabaka. Usiionje ili kupima. Bakteria wengi wanaotapisha watu hawabadilishi ladha wala harufu. Wala usiseme utaichemsha: stafilokokasi, ambao wanaishi puani na mikononi mwetu sote, huacha sumu kwenye chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni.

Ikiwa ilirudi kwenye friji mapema, una siku 3 hivi tangu ilipopakwa. Ikomboe leo: kwangua krimu yote uitupe, nakshi za maua uziweke kando, na mwili wa chokoleti ukate vipande uviingize kwenye friza au uvitumie jioni hii hii. Na huo umeme wa kuja na kuondoka uuhesabu. Friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi saa 4 hivi umeme ukikatika. Friza iliyojaa hutunza saa 48, iliyojaa nusu saa 24, mradi mlango usiguswe. Kama friza yako ina nafasi tupu, jaza chupa za maji. Zikiganda zitakulindia na mambo mengine.

Kabla ya kukata chochote, ondoa yasiyoliwa. Mapambo ya siku hizi yana vijiti vya meno, nyaya ndani ya maua, na unga wa kumetameta ambao mwingine umetengenezwa kwa ajili ya kadi na kucha, haukutengenezwa kwa ajili ya tumbo. Ukikuta pakiti haijaandikwa kwamba ni wa kuliwa, kwangua sehemu hiyo. Na kama mlimmwagia maji mtoto pale pale mezani kama ilivyo desturi yetu, kipande kilichorushiwa maji nacho kimekwenda. Keki iliyolowa maji ya ndoo haina dawa.

Jambo jingine la juu ya keki ni mishumaa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipaka aisingi juu ya kipande cha povu gumu la plastiki kilichofunikwa karatasi ya alumini, wakachomeka mishumaa, wakawapa watu piza kwanza ili mate yatoke kama kwenye sherehe, kisha wakawaambia wapulize. Kwa wastani bakteria juu ya aisingi waliongezeka kwa asilimia 1,400. Tofauti kati ya mpulizaji mmoja na mwingine ilikuwa kubwa, na watafiti wenyewe hawakuona kwamba ni hatari ya kuwatisha watu wenye afya. Keki ya kuliwa saa ile ile, sijali. Lakini keki itakayokaa siku nne na kugeuzwa vyakula vingine, mimi huondoa sehemu ya juu palipochomekwa mishumaa, unene wa kidole, nikaitupa. Mtoto wa miaka 7 hapulizi, anatema.

Sasa twende kwenye ghorofa ya vanila, maana hiyo ndiyo mali. Aisingi ya siagi ina sukari nyingi kiasi kwamba bakteria hupata taabu kukua ndani yake, kwa hiyo keki hiyo inavumilia siku mbili tatu mezani ikifunikwa vizuri. Na hapa nitakuomba ufanye kinyume cha wanavyofanya wengi: usiiweke kwenye friji. Keki kuwa ngumu si kukauka tu. Wanga wa unga wa ngano ulipoiva ulinyonya maji ukalainika. Keki ikipoa, wanga huo unaanza kujipanga upya na kukaza, na hukaza haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kukaza huko kunasimama karibu kabisa. Ndiyo sababu keki uliyoiacha kwenye friji usiku mmoja ina ugumu wa siku tatu, na iliyotoka friza inarudi na ulaini wake. Moto nao unalegeza wanga kwa muda: kipande kikipata mvuke kikafika nyuzi 60 na ushei, kinakuwa laini, lakini kiliwe kabla hakijapoa. Kwa hiyo: ya kutumia leo na kesho, iache juu ya meza ndani ya deli yenye mfuniko, ya baadaye, ifunge kipande kimoja kimoja, weka vyote kwenye mfuko wa kuhifadhia chakula, na uingize friza. Itakaa miezi miwili ikiwa na ladha yake. Siku ya kuitoa, iache iyeyuke ikiwa bado imefungwa, ili jasho la ubaridi litue juu ya mfuko badala ya kutua juu ya keki.

Sisimizi wa Tabora wana pua kuliko majirani. Pindua bakuli ndani ya beseni lenye maji, weka deli juu ya bakuli. Hawaogelei.

Haya, jikoni. Ukinishika katika jambo moja tu la jibu hili, lishike hili: keki iliyobaki ichukulie kama unga uliokwisha kutiwa sukari, mayai na mafuta. Watu wanakosea kwa kuendelea kuiona kama keki, wanaipasha, wanaimwagia sharubati juu, wanaongeza maziwa matamu ya kopo, ndipo watoto wanageuza uso. Watoto wako hawakuchoka keki, wamechoka utamu ule ule. Kila utakachopika hapa, usitie sukari hata chembe. Tafuta kinachokosekana: uchachu wa ndimu, ukwaju au mtindi, chumvi, ukali wa tangawizi, kitu cha kutafuna, kama karanga. Na aisingi iondoe kwanza, uitunze peke yake, nitaifikia.

Ningekuwa wewe ningeanza na pudini ya mvuke, kwa sababu haihitaji oveni, inameza keki nyingi, na inaliwa ya moto jioni ya mvua. Pima kwa kikombe cha robo lita. Keki iliyokwanguliwa aisingi, kata vipande vya sentimita 2 hivi, vikombe 4. Maziwa vikombe 2. Kama unanunua ya kienyeji yanayopitishwa kwa baiskeli, yachemshe kwanza, halafu yapoe mpaka kidole kivumilie, maana maziwa ya moto yatakupikia mayai kabla ya wakati. Mayai 3, chumvi ya kuchukua kwa vidole, iliki, na ganda la ndimu lililoparuzwa ile sehemu ya kijani tu, nyeupe yake ni chungu. Piga mayai na maziwa, mwagia juu ya keki, acha dakika 15 hadi 20 inyonye. Hatua hii usiiruke: keki isiponyonya, chini utapata mayai na juu utapata keki.

Paka siagi bakuli la chuma, mimina, funika na karatasi ya alumini uifunge kwa uzi ili matone ya mvuke yasidondokee ndani. Weka kigae au kifuniko cha kopo chini ya sufuria kubwa, simamisha bakuli juu yake, mimina maji yafike nusu ya bakuli, funika sufuria. Yakianza kuchemka, punguza moto yawe yanatokota polepole. Mayai na maziwa huganda yakifika nyuzi 80 hivi; ukiacha maji yagombane, pudini itatoka na vitundu na kutoa maji. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96, hayafiki 100, na mapishi ya mvuke yaliyoandikwa na mtu wa Dar es Salaam yanaomba dakika chache zaidi hapa. Hesabu dakika 50. Chomeka kisu katikati. Kikitoka safi, zima, acha itulie dakika 20 ndipo upindue kwenye sahani. Maembe ndiyo msimu wake sasa, kata embe bivu pembeni, tia ndimu. Usiyachanganye ndani; yana maji mengi na pudini haitashika.

Hiyo inatosha watu 6 hadi 8. Ukitaka kumfurahisha mzee wa nyumba, tengeneza mchuzi mwepesi: asali kijiko 1 cha chakula, maji ya moto vijiko 3, ndimu nusu. Na kama una njia ya kupata asali ya nyuki wadogo, hii ndiyo kazi yake. Ni nyepesi kuliko ya nyuki wakubwa na ina uchachu wa asili, kwa hiyo juu ya kitu kitamu inafanya kazi ya ndimu na asali kwa pamoja. Watu wa Sikonge na Urambo wanaiuza kama dawa ya kikohozi, bei yake nayo ni ya dawa. Kijiko kimoja kinatosha. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali yoyote, hata ya kulamba kidole, kwa hofu ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria.

Cha pili ni ladu. Watu wa Pwani wanazijua, vile vidonge vya unga na viungo, na keki kavu inazitoa kirahisi kuliko unga. Safari hii unataka keki iliyokaa, ngumu kidogo, ile ya pembeni. Ifikiche kwa mikono mpaka iwe chenga. Vikombe 3 vya chenga, kikombe 1 cha karanga zilizokaangwa, zikamenywa, zikatwangwa, tangawizi ya unga kijiko cha chai, pilipili manga ya kubana kwa vidole viwili, chumvi vivyo hivyo. Tia kijiko kimoja cha asali na ndimu kidogo kidogo huku ukikamata kwenye kiganja. Ukibana ikashikamana, acha, usiongeze. Keki yenye mafuta mengi haitaki hata asali. Viringisha udogo wa kumezeka kwa mitafuno miwili, gaagaza kwenye ufuta uliokaangwa au karanga zilizosagwa. Kwenye deli zinakaa siku tatu nne bila friji, na mtoto asiyetaka kuona keki anakula tano bila kujua anakula nini.

Neno juu ya karanga, kwa kuwa tunalima wenyewe na tunazichukulia kawaida. Zichambue moja moja kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu, ondoa. Sumukuvu inayotokana na ukungu wa karanga haiuawi na kukaanga, na kuku wako watadhurika nayo kama watu. Na kama kuna wageni wadogo, uliza kwanza iwapo yupo anayedhurika na karanga. Kwa walio chini ya miaka 5 zitwange laini, punje nzima inapalia.

Ikiwa karanga haziliwi nyumbani kwako, fanya keki ya kukausha. Hii ni kazi ya jiko la mkaa. Kata keki vipande virefu, unene wa kidole gumba. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, juu yake sinia au wavu, panga vipande visigusane, funika, makaa machache chini na machache juu ya mfuniko. Moto uwe mdogo kabisa: unakausha, huoki, na sukari ya keki inaungua upesi. Geuza baada ya dakika 20, endelea mpaka vipande viwe vikavu hadi katikati. Vikipoa ndipo vinakakamaa, kwa hiyo usivipime vikiwa vya moto. Maji yakitoka, bakteria na ukungu hawana pa kuanzia, na kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana vinakaa wiki mbili. Waitalia wanaoka biskuti zao mara mbili kwa sababu hiyo hiyo. Ni vya kuchovya kwenye chai ya rangi yenye tangawizi, isiyo na sukari. Pia ni chakula kizuri cha safari: mtu anayepanda treni ya Kigoma au ya Mpanda anaweza kuwa navyo mfukoni siku nzima bila kuharibika wala kupakaza mikono krimu.

Keki ya glasi utaipenda wageni wakija kwa kushtukiza. Chenga za keki chini, embe, mtindi mzito, rudia, maliza na chenga. Mtindi uwe usiotiwa sukari. Waingereza wana chakula kama hiki tangu karne ya 18, wao hutia kasta na krimu, na kasta ya unga tunayoinunua dukani ilibuniwa Birmingham mwaka 1837 na Alfred Bird kwa sababu mkewe hakuweza kula mayai. Ndiyo sababu hadi leo unga ule ni wanga, rangi na vanila, bila yai ndani. Unaweza kuitumia, lakini kwa kesi yako mtindi unashinda, kwa ule uchachu. Iliwe siku hiyo hiyo.

Chapati za maji nazo zinakubali: badili nusu ya unga kwa chenga za keki, moto uwe mdogo maana zinaungua, ongeza chumvi. Mwili wa chokoleti uliouokoa, usage kwenye blenda na maziwa ya baridi na ndizi mbivu, kisha umimine kwenye vikombe vidogo ugandishe, watoto wapate lambalamba. Uji wa ulezi unaweza kupokea mkono mmoja wa chenga badala ya sukari. Mapishi haya madogo hayahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Aisingi sasa. Aisingi ya siagi haina siri: kwa uzito ni sukari ya unga mara mbili ya siagi, na vanila. Kwa maneno mengine, kwenye kila gramu 150 ulizokwangua kuna sukari gramu 100 na siagi gramu 50, tayari zimepigwa pamoja, kazi ambayo mtu akiwa anaoka biskuti huwa anaianza upya. Chukua hizo gramu 150, ongeza siagi gramu 100, piga, tia unga wa ngano gramu 300 na chumvi kijiko nusu cha chai, kanda kidogo tu, sukuma, kata, oka kwenye lile lile sufuria la mchanga, safari hii moto wa wastani, dakika 15 hivi, zikianza kubadilika rangi pembeni toa. Rangi za aisingi zisikutie hofu, biskuti za bluu zinaliwa; nyekundu na kijani zikichanganyika zinatoa rangi ya matope ya kuchukiza, kwa hiyo tenga rangi mapema. Usipokuwa na nafasi wiki hii, aisingi inakaa friza miezi miwili, ifunge vizuri isinyonye harufu ya samaki.

Fondanti ni sukari tupu na gundi. Haiharibiki upesi, haina ladha ya maana. Maua mawili matatu mwachie binti awe na kumbukumbu yake, mengine tupa bila majuto.

Kuna njia moja isiyopikwa, na kwa uzito ulio nao naiweka mbele ya mapishi yote: gawa. Kilo 2 zilizobaki ni vipande 20 vya gramu 100. Kama wageni waliozuiwa na mvua ni majirani, binti mwenyewe azungushe sahani leo jioni, ile ya vanila tu, imefunikwa. Jikoni ubaki na vipande 8 au 10, ndivyo pudini moja na ladu za kopo moja zinavyohitaji. Hesabu hiyo hiyo ikusaidie mwakani: kilo moja ni watu 10, na nusu yao ni watoto wanaolamba aisingi na kuacha keki. Umwambie mwokaji apake krimu ya kupiga pale tu ambapo una uhakika wa friji na umeme. Kwa sherehe ya mchana ya Tabora, aisingi ya siagi inatosha ghorofa zote. Na kabla ya kupuliza mishumaa, kata pembeni sehemu unayojua haitaliwa siku hiyo, ifunge, iingie friza ikiwa haijaguswa na mtu.

Dalili za kuacha: doa lolote la ukungu, la kijani, jeupe au jeusi, linamaanisha keki yote iende. Keki ina vitundu kila mahali, na nyuzi za ukungu zimeshapita mbali kuliko doa unaloliona, hivyo kukata pembeni hakusaidii. Harufu ya uchachu, utelezi, au unyevu usioelezeka, vivyo hivyo.

Na mama mkwe umjibu kwa heshima kwamba ana haki kidogo. Kuku wanaweza kula chenga kavu za vanila zisizo na aisingi, konzi moja kwa kundi zima, baada ya kula chakula chao. Wakijaa keki watapungukiwa na protini na utaliona hilo kwenye mayai. Yenye ukungu wasipewe. Ya chokoleti isiende kwa mbwa, ina kitu kinachoushambulia moyo wake. Mbuzi nao wafungie mbali: mbuzi akivamia kilo ya keki, tumbo lake linachacha, na mnyama anaweza kufa. Iliyobaki yenye krimu iliyolala nje ichimbieni shimo, ifukieni, msiitupe jalalani karibu na wanapocheza watoto. Mama mkwe mwenyewe mpe pudini ya moto. Kama anapima sukari, kipande cha vidole viwili, mtindi badala ya mchuzi wa asali, na kichukue nafasi ya wali au ugali kidogo wa usiku huo.